Mkufu Uliolipiwa Ng'ombe

Mkufu wa kwetu unanuka siagi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia zumaridi na almasi hufikiria kabati la vioo, taa nyeupe, na muuzaji aliyevaa glavu. Wa kwetu umelala juu ya ngozi za wanawake wa wafugaji, umepakwa siagi kabla ya kila harusi, na moshi wa jikoni za milimani umeingia katika kila kitundu cha dhahabu yake. Jiwe la katikati ni la kijani, kubwa kama punje ya harage, na limezungukwa na almasi ndogondogo ambazo zikichafuka huwezi kuzitofautisha na chumvi ya mawe. Kila upande yanapanda mawe mengine ya kijani, madogo zaidi. Moja lilidondoka wakati tunakimbia vita, na Shangazi akajaza pengo lake kwa kipande cha pembe ya ng'ombe alichokichonga kwa mkono wake. Ukiniuliza mimi, hicho kipande ndicho kizuri kuliko vyote.

Nyumba yetu ni nyumba ya mwami, yaani mtawala wa milima ile iliyo juu ya Uvira. Najua utacheka. Katika mtaa wetu hapa Louisville, upande wa Iroquois, nusu ya Wakongo watakuambia babu zao walikuwa machifu. Ukiwasikiliza wote utadhani nchi ile haikuwa na raia hata mmoja. Na huyu binti wa nyumba ya mwami ninayemsema, yaani mimi, anabandika lebo kwenye maboksi ya watu ghalani, na jioni anapaka mgongo dawa ya kuchua. Sawa. Lakini wengine wana maneno, sisi tuna mkufu.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mke wa mwami. Jirani yake alikuwa mke wa mzungu mmoja mwenye shamba la kwinini, na kwao Ulaya walikuwa watu wa ukoo mkubwa, wenye ngome na majina marefu yasiyoisha. Mama yule alijifungua, maziwa yakamkauka. Ya kopo mtoto aliyatapika, akaanza kudhoofika. Bibi akampelekea ng'ombe na ndama wake, pamoja na mchungaji wa kumkamua, na mtoto akanenepa. Sasa kwetu mtu akikupa ng'ombe huwezi kumjibu kwa mdomo mtupu. Mama yule naye alizaliwa katika nyumba yenye desturi zake, kwa hiyo alielewa bila kufundishwa. Alivua shingoni mkufu alioachiwa na nyanya yake, ambaye naye aliachiwa na wa kwake, akamvalisha bibi yangu mwenyewe. Wazee walinung'unika kwamba mzungu ametuchezea, mawe hayatoi maziwa. Bibi aliwajibu kwamba ng'ombe naye hufa.

Toka siku hiyo sheria ikawa moja. Mkufu ni wa mabinti wa nyumba, na huvaliwa siku ya kuolewa. Anayeufunga shingoni ni shangazi, dada wa baba, na lazima awe naye aliuvaa. Na kwa sababu mkufu wenyewe ulilipiwa ng'ombe, hauvaliwi na binti ambaye hakutolewa ng'ombe, tena wa maziwa, mwenye ndama ubavuni, aliyesimama mbele ya mlango wa shangazi. Siagi yake ndiyo inayopakwa kwenye mawe. Wanawake wa kwetu hujulikana kwa ng'ombe wao mpaka kufa: huyu ni wa mweusi, yule ni wa mwekundu, yule wa madoa. Siku ya harusi, kabla kishikizo hakijafungwa, wanawake wote humuuliza shangazi kwa sauti kubwa: wako alikuwa wa rangi gani? Akishajibu ndipo anafunga.

Mimi niliolewa kambini, Burundi, na kijana wa Uvira mjini, mtoto wa fundi cherehani, aliyekuwa akifundisha watoto hesabu chini ya turubai. Shangazi alikuwepo. Mkufu nao ulikuwepo, umefungwa kiunoni mwake ndani ya kitenge, mahali ulipopita vizuizi vyote vya njiani. Askari mmoja alimpapasa akaugusa, akauona mweusi kwa moshi na mafuta, akadhani ni dawa ya mganga, akajifuta mkono kwenye suruali na kumwambia apite. Nilisimama mbele ya mchungaji na shingo tupu, na nilijua mkufu uko nyuma yangu kwenye benchi ya kwanza. Simlaumu mume wangu. Mtu anayepanga mstari wa maharage na bakuli mkononi atatoa wapi ng'ombe? Lakini iliniuma. Iliendelea kuniuma katika kila harusi ya ukoo, kila mji wa Marekani tuliotawanyiwa, maana wanawake walipoanza kutaja rangi za ng'ombe wao, mimi nilikuwa nakumbuka ghafla kwamba kuna wali unaungua jikoni.

Mwaka jana kaka yangu wa Buffalo, mwenye nyumba kule Kensington-Bailey, alitangaza kwamba binti yake anaolewa. Kijana anatoka Amherst, amesoma hapo hapo chuoni, ana gari safi na adabu za kutosha. Upande wa ng'ombe hakukuwa na shida, kwa sababu ukoo wa kijana bado unafuga Burundi. Mmoja mwekundu na ndama wake alishasimamishwa mlangoni kwa binamu zetu wa huko, waliompokea kwa niaba ya Shangazi, tukaoneshwa kwa video. Kilichokosekana ni mkono wa kufunga mkufu. Shangazi alinipigia kutoka Columbus nikiwa katika mapumziko ya kazini, nakula ndizi.

"Benye walikuwa na haki ya kufunga, wote wameisha kufa," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambamo "ndiyo" ni "njo" na "lakini" ni "mais" ya Kifaransa. "Nimebakia miye tu. Na miye sukari imenikula macho, mikono inatetemeka. Ile kishikizo siioni tena."

"Donc nitafunga miye," nikamjibu. "Shangazi ya ule mtoto si njo miye? Kaka hana dada mwingine."

Nilimsikia akivuta kiti na kukaa.

"Weye hukuvaa, mtoto yangu. Mwenye hakuvaa hawezi kuvalisha. Njo vile tulikuta, njo vile tutaacha."

"Kambini ng'ombe ingetoka wapi?"

"Najua. Ndoa yako niliibariki na kinywa yangu. Mais mukufu haiko ya miye, niwe naibadilishia sheria. Nitajaribu kufunga. Nikishindwa, watanizika nayo, iishe."

Ndizi ile sikuimaliza. Nilirudi kwenye maboksi nikabandika lebo kwa hasira, nyingine zikakaa upande, na msimamizi akanitazama akapita. Kilichonichoma ni kwamba Shangazi alikuwa na haki. Ningemwona mchawi, ningepumzika. Lakini mwanamke yule alitembea kutoka milimani hadi kambini na mawe yale kiunoni, hakuuza hata moja wakati tunalala njaa, na hakuuza kwa sababu ya sheria ile ile iliyonifungia mimi nje. Nisingeweza kumpenda kwa moja nikamchukia kwa nyingine. Nilijaribu, sikuweza.

Kaka yangu, mtu wa njia za mkato, alisema jambo hili ni dogo. Siku hizi kila mtu anatoa ng'ombe wa bahasha. Akaenda Columbus na bahasha nene, akampa Shangazi kwa mikono miwili, akamwambia huyu ndiye ng'ombe wa dada. Shangazi aliipapasa bahasha pande zote, akamrudishia.

"Bahasha haizai," alisema.

Jioni hiyo nilimweleza mume wangu. Nilikuwa nimeapa nisimweleze, kwa sababu ni mtu mpole, na mtu mpole ukimkumbusha alichokosa kukupa ataumia kimya kimya wiki nzima. Lakini alinikuta nimekaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu vya kazi, nalia, ikabidi niseme.

"Anataka nini kabisa?" akauliza.

"Ng'ombe ya maziwa. Na ndama pembeni. Mbele ya mulango yake, Columbus."

Alifikiri, akavua kofia, akaivaa tena.

"Bon," alisema. "Ni ng'ombe. Haiko simba."

Binti yetu mkubwa, aliyesikia kutoka sebuleni, alitujibu kwa Kiingereza kwamba sisi tumeshaoana, tuna watoto, na majina yetu yako pamoja kwenye bima ya afya. Nikamwambia bima haina ndama. Maneno ya Shangazi yalikuwa yameshaanza kuniingia.

Kisha mume wangu akaanza kupotea Jumamosi. Anaondoka alfajiri, anarudi mchana, amechoka na amefurahi. Sasa mwanamke mwenye akili timamu akimwona mume wa makamo anatoka hivyo na kurudi anapiga mluzi, haulizi, ananusa shati. Nilinusa. Shati lilinuka samadi. Nilicheka peke yangu kwenye mashine ya kufulia, kwa furaha ambayo sikuwa nimeitegemea kutoka kwenye samadi. Alipoona nimejua akaniambia kwamba mwenzake wa kazini ana baba mwenye shamba nje ya mji, na mzee huyo ana ng'ombe wa maziwa wa rangi ya kahawia. Mmoja amezaa karibuni. Mzee amekubali kumuuza, ila anasema anayetaka ng'ombe lazima amjue kwanza.

"Na unafanya nini kule siku yote?" nikauliza.

"Nasafisha zizi," akasema, akageukia televisheni.

Wiki ya harusi tukaondoka, siku ya Alhamisi asubuhi. Mzee wa shamba aliendesha gari lake la mizigo akiburuta tela lenye ng'ombe na ndama, na sisi tulimfuata nyuma. Alisema katika maisha yake amepeleka ng'ombe mnadani, kwenye maonyesho na kwa daktari, lakini harusini bado, na hilo hataki limpite. Binti yetu, yule wa bima, ndiye aliyegundua kwamba ng'ombe akivuka kutoka jimbo moja kwenda jingine lazima awe na hati ya daktari wa mifugo. Sisi wakimbizi jambo hilo halikuhitaji maelezo. Tulimtafutia hati yake, tukaiweka pamoja na za kwetu, tukavuka mto kuingia Ohio. Magari yalitupita, watoto wakipunga mikono, vijana wakitupiga picha. Mimi nilikuwa nimekaa wima kwenye kiti cha mbele kana kwamba barabara yote imetengenezwa kwa ajili yangu, na kwa masaa yale matatu na ushee ilikuwa hivyo.

Shangazi anakaa ghorofa ya pili, katika majengo ya kupanga kaskazini ya Columbus. Meneja alituruhusu kwa muda mfupi, mradi tusiache kitu nyuma. Mume wangu akamwonyesha koleo la kuzolea samadi. Tulipomshusha ng'ombe kwenye lami, majirani walitoka wote. Wasomali walitoka wakitabasamu na kumkagua kwa macho ya watu wanaojua mifugo. Bibi mmoja wa Kinepali alisogea, akamgusa ng'ombe kwenye paji la uso, kisha akajigusa la kwake, akarudi ndani. Ng'ombe mwenyewe alisimama anacheua. Nilimpenda kwa ule utulivu wake.

Shangazi alishuka ngazi kwa fimbo, amevaa gauni la ibada na kitambaa cheupe kichwani. Nilimshika mkono, nikamfikisha. Haoni zaidi ya kivuli na mwanga, kwa hiyo alimsoma ng'ombe kwa viganja: shingo, mgongo, mbavu, tumbo, chuchu moja moja. Akampapasa ndama aliyekuwa akimsukuma mama yake. Kisha akarudi mbele, akapandisha mikono kichwani, akatafuta. Akatafuta tena.

"Pembe iko wapi?"

Nikamtazama mume wangu, naye akanitazama. Mwezi na zaidi tulihangaika na maziwa, ndama, hati na tela, na katika watu wote wa nyumba ya mwami hakuna aliyekumbuka pembe. Milimani kwetu ng'ombe huimbwa kwa pembe zake. Mtoto mdogo akichora ng'ombe huanza na pembe, halafu ndiyo anatafuta pa kuweka miguu.

"Nyumba ya mwami itapokea ng'ombe ya kipara?" Shangazi aliuliza, akielekeza uso mahali alipodhani niko.

Nilijiambia, basi, imeisha hapa, kwenye maegesho ya magari, mbele ya Wasomali.

"Shangazi," mume wangu alisema taratibu, "huku wanazikataka ikingali ndama, juu isiumize zingine. Haiko kosa yake. Mais maziwa iko."

"Maziwa iko, na nani atakamua? Ule muzungu?"

Hapo alikuwa amegusa penyewe. Kwetu mwanamke hakamui. Ng'ombe wa mahari hukamuliwa na upande wa mume, mbele ya shangazi, ili ionekane kwamba wanaotoa wanakijua wanachokitoa. Mimi nilikuwa nimepanga kimoyomoyo tumwombe mzee wa shamba, ingawa nilishaona kwamba yeye kwake anatumia mashine. Mume wangu ni mtoto wa fundi cherehani. Siku nilipokutana naye, maziwa aliyoyajua ni ya unga.

Alikunja mikono ya shati. Akachukua ndoo kwenye tela, na kitambaa, na chupa ya maji ya uvuguvugu aliyokuwa ameifunga kwa taulo, ambayo nilidhani ni chai. Alimwacha ndama anyonye kidogo mpaka maziwa yakashuka, kisha akamvuta pembeni akampa binti yetu amshike. Akamwosha ng'ombe. Akachuchumaa, akaegemeza kichwa ubavuni mwake kana kwamba anamsikiliza, na akaanza. Maziwa ya kwanza yaliyopiga chini ya ndoo yalilia kama mvua ya mawe kwenye bati. Kisha mikono yake ikashika mwendo, mmoja baada ya mwingine, sauti ikawa nene kadiri ndoo ilivyojaa, na povu likapanda.

Shangazi hakuona chochote katika hayo, lakini aliinamisha kichwa. Mwanamke aliyezaliwa kwenye zizi hawezi kudanganywa masikio. Alisikia mikono miwili inayopokezana bila kukwama, akasikia ng'ombe aliyetulia hapigi teke. Alisimama hivyo, ameegemea fimbo, mpaka sauti ikakoma.

"Huyu alijifunza wapi?" aliniuliza polepole.

Nilikuwa nalia, tena kwa sauti, mtu mzima mimi. Mzee wa shamba ndiye aliyeeleza, na binti yetu akatafsiri: kwamba mtu huyu alikuja kwake Jumamosi baada ya Jumamosi akiomba afundishwe kukamua kwa mkono, kwamba siku ya kwanza alipigwa teke akaangukia samadi, siku ya pili vilevile, na kwamba mzee alimuuliza kwa nini anajitesa na mashine ipo. Alijibu kwamba kuna mtu mmoja atakayemsikiliza.

Shangazi aliomba ndoo. Akachovya kidole, akaonja, akatikisa kichwa kwa namna ya kukubali.

"Rangi yake?"

"Kahawia, Shangazi," nikasema. "Na alama nyeupe kwa uso."

"Bon. Njo ya kwako."

Ng'ombe hakuweza kubaki Columbus, hilo hata Shangazi alilijua. Akafanya kama babu zake walivyofanya kila walipokuwa na ng'ombe wengi kuliko malisho: alimkabidhi kwa rafiki. Alimwambia mzee wa shamba, kupitia binti yetu, kwamba amlishe, anywe maziwa, na ndama wagawane, mmoja wako mmoja wangu. Mzee alifikiri kidogo, akavua kofia, akampa mkono. Sikujua kama alielewa kwamba kuanzia hapo yeye ni mtu wa nyumba yetu na atakuwa anasumbuliwa na misiba yetu. Ataelewa.

Maziwa tuliyaacha yatulie, na kesho yake asubuhi malai ilikuwa imejikusanya juu, nene ya manjano. Zamani ingetikiswa ndani ya kibuyu. Sisi tuliitikisa kwenye chupa ya achari tuliyoiosha vizuri, tukipokezana kwenye kochi, Shangazi na mimi, mpaka siagi ikajitenga. Kisha akanituma nifunge mlango. Akafungua kitenge, akautoa mkufu kiunoni ukiwa na joto la mwili wake. Aliupaka siagi jiwe kwa jiwe, kwa kidole gumba, bila kuruka hata moja, na alipofuta kwa kitambaa kijani kile kikaamka. Hakuna neno jingine. Zumaridi ya katikati ilikuwa na mistari ndani yake kama nyasi zilizoinamishwa na upepo, na almasi zilizoizunguka zikaanza kuchezacheza ukutani.

"Inama," akaniambia.

Nikapiga magoti mbele ya kochi, na nywele zangu zenye mvi, na goti langu linalouma. Mikono yake ilitetemeka vibaya. Kishikizo kilimponyoka, akakitafuta, kikamponyoka tena. Nilinyoosha mkono kumsaidia, akanichapa kofi dogo. Mwishowe alifumba hata yale macho yasiyoona, akaacha kushindana, na vidole vikakumbuka vyenyewe. Nilisikia kikigota nyuma ya shingo.

Mkufu ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nilikwenda kwenye kioo cha bafuni, nikajitazama. Nilijiona mrembo, na ninalisema bila haya. Miaka yote nilijiambia kwamba sikuutaka sana, kwamba ni mawe tu. Mwongo mkubwa mimi. Niliutaka kila siku.

Tulifika Buffalo Ijumaa hiyo, Shangazi kiti cha mbele, mkufu shingoni mwangu chini ya sweta, kwa sababu wa kwetu hausafiri kwenye mfuko. Jumamosi asubuhi wanawake wa ukoo walijaa katika chumba cha juu cha nyumba ya kaka, wengine wamekaa kitandani, wengine sakafuni, mashuka yote yamejaa vitenge na viatu. Bibi harusi alikaa kwenye stuli na gauni lake jeupe. Nilipoingia na mkufu mikononi, tayari nimeshaupaka siagi ya ng'ombe wangu, kwa kuwa ya mwekundu wa Burundi isingefika, minong'ono ilisimama. Walijua mimi ni nani na nimekosa nini. Mmoja, binamu yangu mwenye ulimi, aliuliza la desturi kabla hata sijafika kwenye stuli.

"Ya kwako ilikuwa ya rangi gani?"

Nilikuwa nimepanga kujibu kwa heshima na kwa kifupi, lakini hasira na furaha zikanipanda pamoja.

"Kahawia," nikasema. "Na alama nyeupe kwa uso, na ndama yake. Haina pembe. Ilisimama kwa mulango ya Shangazi juzi, na bwana yangu aliikamua na mikono yake."

Vigelegele vilivyopigwa vilitoka dirishani vikafika Bailey Avenue. Binamu mwenye ulimi ndiye aliyepiga kirefu kuliko wote, na alikuja akanikumbatia nusura aniangushe. Nikamfungia binti wa kaka yangu mkufu. Vidole vyangu havikukwama. Almasi zililala kwenye mifupa ya shingo yake kana kwamba zilikuwa zinamjua, na zumaridi ikashuka katikati, penyewe.

"Shangazi, inanuka," alininong'oneza.

"Ndiyo. Ni ng'ombe yangu."

Akacheka, nami nikacheka, na poda yake ikabidi irudiwe.

Baada ya kanisa tulikwenda ukumbini kula. Kwetu mkwe hukaa karibu na shangazi wa mke wake katika karamu ya ukoo, wakala sahani moja. Mume wangu hajawahi kukaa hapo. Hakuna aliyemkataza, yeye mwenyewe alikuwa anajitafutia kazi, kubeba maji, kupanga viti, kuelekeza magari, na sisi wote tulizoea kumwona amesimama. Shangazi naye hakuwahi kumwita kwa jina lolote zaidi ya "baba ya batoto". Siku hiyo wali ulipoletwa kwenye meza ya wazee, Shangazi aliinua mkono, ukumbi ukanyamaza.

"Mukwe wetu iko wapi?"

Bwana harusi, kijana mwenye adabu, alisimama haraka, akifunga kifungo cha koti.

"Weye kaa," Shangazi alimwambia kwa upole. "Weye utangoja. Naita ule mukubwa."

Watu waligeuka. Mume wangu alikuwa karibu na mlango, amebeba viti vinne vya plastiki, amevishika kifuani, anatazama huku na huku kuona ni nani anayetafutwa. Nilikwenda nikamtoa viti mikononi.

"Enda," nikamwambia. "Ni weye."